Gemu Tuliyoisubiri Mimi na Mama

Diski ilipofika Songea nilikuwa kwenye cherehani, rundo la sketi za shule linanisubiri, na niliacha kila kitu. Konda wa basi la Dar alinipigia kwamba mzigo wangu umeshuka stendi. Nikafunga banda, nikarukia bodaboda futikamba ikiwa bado shingoni, na njia nzima kutoka Bombambili nilimhimiza dereva kama mjamzito anayewahishwa hospitali. Bahasha niliichana pale pale stendi. Kasha lilikuwa jipya, limefungwa kwa nailoni, na juu yake yupo yule yule mwanamke mwenye mkuki wa gemu ya kwanza, amesimama mbele ya mlango wa mawe mlimani. Nilipiga kelele. Muuza karanga akaniuliza kama nimefaulu mtihani.

Nailoni sikuitoa. Hilo lieleweke mapema, maana ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimemwapia mama kwamba diski ile haitaingia kwenye mashine kabla yeye hajakaa kwenye kiti. Kwa hiyo kasha sikulifungua, na maandishi madogo ya nyuma yake sikuyasoma. Nani anasoma maandishi madogo siku ya furaha?

Mama yangu anakaa Mpitimbi, analima mahindi. Miaka minne nyuma aliteleza shambani akavunjika mguu, akaletwa kwangu akiwa na plasta mpaka juu ya goti. Mama si mtu wa kukaa. Wiki ya kwanza alikosoa kila nilichopika. Wiki ya pili akahamia kwenye televisheni. Siku hizo nilikuwa nimenunua mashine ya gemu kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa mkoa na kuuza vitu vyake, na ilikuja na diski moja tu. Nikimaliza kushona, nacheza. Ilikuwa hadithi ya nchi ya kufikirika, nchi ya majoka na misitu inayotembea, na dada mmoja mwenye mkuki anayemtafuta mdogo wake wa kike aliyechukuliwa na ukungu.

"Mtu mzima," mama alisema, "unakaa kucheza na televisheni."

Nikaendelea kucheza. Haikupita dakika.

"Na mbona umempita yule mzee bila kumsalimia?"

Kweli kulikuwa na mzee, amekaa kando ya daraja lililofungwa. Nilikuwa nimempita labda mara mia. Nikamwambia mama yule si mtu, ni picha. Akasema picha au si picha, ana mvi. Ili anyamaze nikarudi, nikabonyeza kitufe cha kuinama, ambacho sikuwahi kukitumia tangu ninunue. Mzee akanyanyua kichwa. Akaingiza mkono kwenye joho lake, akatoa ufunguo, akanipa. Mwezi mzima nilikuwa nimekwama pale ukingoni mwa mto nikitukana daraja, kumbe ufunguo anao yule, anangoja salamu!

Nilirusha rimoti juu. Kile kidude cha kuchezea mama ndiye aliyekiita rimoti, na mpaka leo sisi tunakiita hivyo. Mama akacheka mpaka plasta ikagonga meza, mara ya kwanza kucheka tangu avunjike.

"Endelea," akasema. "Kwenye zile nyumba za nyasi kuna mama anatwanga. Naye msalimie."

Basi ikawa yeye ni kichwa, mimi ni vidole. Alidai daftari, akaanza kuchora ramani ya nchi ile kwa penseli: mito, madaraja, nyumba ya mganga mwongo. Msitu unaotembea aliuchora kwa mkono mwepesi ili afute kila unapohama. Majina ya kwenye gemu yalimshinda, akayapa ya kwake. Mji wa mfalme ukawa Bomani, bonde la majoka likawa Kwa Wakorofi. Tulipoliua joka la kwanza alilitukana kwa Kingoni maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye ni mtu wa kwenda Misa kila Jumapili. Plasta ilipokatwa hakuondoka. Alisema mguu bado unamsumbua. Sote wawili tulijua kuwa ni uongo, na sote wawili tulifurahi.

Halafu tukafika mwisho. Dada anapanda mlima, anafika kwenye mlango wa mawe, na nyuma ya mlango anasikika mdogo wake akiimba. Dada anaweka kiganja kwenye jiwe. Giza. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

"Fungua," mama alisema.

"Imeisha, mama."

"Imeisha vipi na mtoto yuko ndani? Si unamsikia anaimba? Fungua!"

Mama ana mdogo wake. Alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kumfuata mume wakati mimi bado natambaa. Zikaja barua mbili, halafu kimya. Mimi namjua kwa jina la mama mdogo tu, na kwa picha moja ambayo amesimama nje ya nyumba amekunja uso kwa jua. Mama hakuwahi kusema kwamba gemu ile ilimkumbusha, wala mimi sikumuuliza. Lakini nilimwona alivyoukodolea macho ule mlango. Kuanzia siku hiyo nami nilitaka ufunguke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha kwenye televisheni.

Sehemu ya pili ilipotangazwa, mama alikuwa amesharudi Mpitimbi, akaanza kunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Salamu, mvua, mbuzi wa jirani aliyeingia shambani, kisha: "Wametoa?"

"Bado, mama."

"Wavivu hao."

Kwenye grupu letu la simu la wacheza gemu wa Songea, ambako mimi ndiye shangazi wa wote, kila picha mpya iliyotolewa ilishangiliwa kama goli. Tulibishana kuhusu rangi ya mkuki. Mmoja wa Namtumbo aliomba likizo kazini mapema kwa ajili ya siku ya kwanza, na tulimpongeza kama bwana harusi.

Sasa unaelewa kwa nini nilipiga kelele stendi. Jumamosi yake nikaizungushia mashine blanketi, nikaenda nayo Mpitimbi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na mama alikuwa ametoka kupanda, matope mpaka magotini. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye blanketi. Akanawa. Akavaa kitenge cha sikukuu. Akaleta daftari, akaketi, akavuta kiti mbele.

"Weka."

Nikaunganisha mashine na televisheni yake, nikaweka. Muziki ukaanza, ule ule wa zamani, na mama akanishika kiwiko. Kisha kioo kikawa cheusi, na yakatokea maandishi ya Kiingereza. Niliyasoma mara mbili.

"Yanasemaje?"

"Yanasema gemu hii haichezwi bila intaneti."

"Basi iwekee."

Nyumbani kwa mama mtandao unapatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la jikoni, ndani ya kopo la maziwa alilolitundika kwa waya. Simu yake inakaa humo. Nikaitoa, nikatumbukiza yangu, nikaunganisha mashine. Mashine ikafikiri, ikasema kuna mzigo wa kupakua kwanza, na kwamba kwa mwendo ule utachukua siku kumi na moja.

Mama akahesabu kwa vidole. "Si mbaya. Itakuwa tayari kabla ya Noeli."

Hapo ndipo nilipochukua kasha nikasoma maandishi madogo. Yalikuwepo. Yalisema wazi, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kwamba gemu inahitaji intaneti muda wote, ucheze peke yako usicheze peke yako. Nilichemka. Sisemi nilisikitika, nilichemka kweli kweli, mpaka mama akaniuliza kama nina homa. Nikakimbilia koponi kufungua grupu, nikakuta wenzangu wote kama wako msibani. Yule wa Namtumbo, mwenye likizo yake, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: "Sasa diski walituuzia ya nini, ya kujitazamia nywele?"

Nikamwambia mama dawa ni moja, aje Bombambili, ambako mtandao upo. Mama hajawahi kuacha shamba wakati wa kupanda, hata siku moja. Akatazama shamba kupitia dirishani. Akatazama daftari.

"Jumapili ijayo," akasema. "Baada ya Misa ya kwanza."

Wiki ile sijui nilishonaje. Cherehani inapiga huku, mashine inapakua kule, na kila nikiipita naigusa mgongo kama mtoto mwenye homa. Jumapili mama alishuka kwenye gari lililokuwa limepeleka mbolea vijijini, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni lisilowane. Nikabandika maharage. Tukaketi. Nikabonyeza.

Mlango wa mawe ukafunguka.

Tulipiga kelele wote wawili, kelele za vigelegele, jirani akaja kuchungulia. Mwanga ukamwagika, mlango ukatanuka, na dada wetu akaingia na mkuki wake. Ng'ambo kulikuwa na uwanja mkubwa wa soko, na sokoni kulikuwa na wanawake wenye mikuki, kundi baada ya kundi, wengine wamepanda majoka.

"Mbona tuko wengi?"

Nikamweleza kwamba wale ni watu kweli, wachezaji wenzetu, kila mmoja yuko kwao duniani ameshika rimoti yake. Mama akakaa vizuri, akarekebisha kilemba.

"Watu kweli? Basi wasalimie."

Nikainama kwa wa kwanza. Akapita. Nikainama kwa wa pili, akaturuka juu ya kichwa. Wa tatu akasimama, na mama akasema, "Umeona, huyu kalelewa." Kisha akatuchoma mkuki.

"Yesu na Maria! Huyu ni mtoto wa nani?"

Tulifufuka, tukaendelea. Nilikuwa bado na hamu, nakiri. Nchi ilikuwa nzuri jamani, milima ya zambarau, maji yanapanda badala ya kushuka, na mama alishaanza kuchora. Akasikia maharage yanaungua.

"Simamisha kidogo nikaongeze maji."

Gemu ya zamani ilikuwa inasimama. Ukisema simama, joka linabaki limeachama mdomo mpaka upakue chakula, ule, uoshe vyombo. Nikabonyeza. Mbwa mwitu waliendelea kuja. Nikabonyeza tena. Mama aliporudi tulikuwa tumelala chini, tumeshaliwa.

"Nilikwenda kuongeza maji tu!"

"Hii haisimami, mama. Inaendelea yenyewe."

Akasonya. Kioo kikaandika maneno, nikamsomea: wewe peke yako ndiye utakayemrudisha mdogo wako. Mama akautazama ule umati wa mikuki.

"Na hawa?"

"Nao wameambiwa hivyo hivyo."

"Kila mtu, yeye peke yake?"

"Ndiyo."

"Na mtoto yuko wapi?"

Hilo nilikuwa nimeliogopa tangu Ijumaa. Wenzangu wa grupu walioanza mapema walishazunguka nchi yote. Mtoto hakuwemo. Watengenezaji walisema ataletwa baadaye, kwa sehemu, mambo yakienda vizuri. Nikamwambia mama ukweli. Kabla hajajibu mvua ikapiga bati, mtandao ukakatika, na nchi yote ikatoweka kwenye kioo, na milima yake na soko lake.

Nilisema mengi. Nilisema wamechukua hadithi ya watu wakaigeuza gulio. Nilisema hiyo diski naenda kuiweka chini ya mguu wa cherehani unaocheza. Mama aliniacha nimalize. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akachora mlima, na chini ya mlima akachora mlango.

"Shika rimoti."

"Mama, mtandao umekatika."

"Nimesema shika rimoti."

Nikashika.

"Umeingia. Njia inateremka. Kushoto kuna fisi, pita kulia."

Nikasukuma kulia. Penseli yake ikaenda kulia. Mvua ilikuwa inapiga, yeye anachora, mimi nasukuma, na naapa moyo ulinienda mbio kuliko sokoni kule.

"Kuna mto," akasema.

"Mto gani?"

"Ruvuma," akasema bila kuinua kichwa. "Kuna mwenye mtumbwi. Msalimie."

Nikainama. Mama akasema amekubali. Tukavuka. Akachora mikorosho, mingi, mstari baada ya mstari, akachora kijia katikati yake, na mwisho wa kijia akachora nyumba.

"Mlango uko wazi. Kuna mtu amekaa nje anachambua mboga. Amekunja uso kwa jua." Penseli ikasimama. "Ana mvi sasa."

Sikujua nifanye nini na vidole vyangu.

"Unangoja nini?" mama akasema. "Msalimie."

Nikabonyeza kitufe cha kuinama. Nikaona hakitoshi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," mama akaitikia, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.