Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Mtaani kwetu mtu hunywa soda ya mkutano, akala na andazi, lakini hatii sahihi. Desturi hii ilianza nilipokuwa bado shule. Walikuja watu kuzungumzia mitaro ya maji machafu, wakasimamisha hema, wakazungusha karatasi ya mahudhurio, na wakazi wakaandika majina yao kwa mwandiko mzuri. Miezi michache baadaye karatasi ileile ilionekana imebanwa nyuma ya barua iliyosema wamekubali kuhama. Safu mbili za nyumba upande wa sokoni zikabomolewa. Tangu hapo, kalamu ikitolewa tu, kila mtu hukumbuka sufuria aliyoiacha jikoni.

Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikasomea sayansi ya jamii, na jambo hilo nikaligeuza makala. Nilidai kwamba shaka ya watu wetu ni kovu, kidonda kilishapona zamani. Kichwa cha makala nilikiazima kwa wahenga: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa maoni yangu nyoka alikuwa ameshakwenda zake, na watu wangu wanaogopa ukindu wa kusukia mikeka. Nilijipenda sana kwa kichwa hicho.

Ndipo nikapendekeza kongamano la idara yetu tulifanyie mtaani, katika ukumbi wa jamii, tuachane na mahoteli. Mhadhiri niliyeandaa naye, mkubwa wangu kazini, alikubali upesi mno. Huyu ni mtu wa kubishana hata juu ya rangi ya bahasha, kwa hivyo nikamshuku papo hapo. Niliamua kwamba anaitaka makala yangu. Wiki tatu nzima nilitembea na flashi yenye makala shingoni. Akiingia ofisini, nilifunga kompyuta. Akisifu ikisiri yangu, nilijiuliza ameisoma lini na kwa nini. Yeye akajitolea kushughulikia mambo madogo: viti, chai, kuchapisha karatasi. Hayo nilimwachia kwa furaha.

Mgeni wangu mkuu alikuwa mama aliyenilea. Mama yangu mzazi, aliyeuza vitunguu soko la Muthurwa, alifariki nikiwa darasa la sita. Jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akanichukua kama mtu anavyoanua nguo mvua ikianza, bila kuuliza ni za nani. Bado anaishi katika nyumba ileile na bado anapika mahamri mlangoni. Nilimwomba aje azungumze dakika kumi.

"Nitakuja, mwanangu," alisema. "Lakini kalamu nisiione."

Siku yenyewe wageni wa vyuo walikaa mbele na beji zao, wakazi wakakaa nyuma, karibu na mlango. Mama peke yake ndiye aliyekuja mstari wa kwanza, mkoba magotini. Niliwasilisha vizuri, nasema kweli. Kila niliposema "kovu", wageni waliandika. Wakazi walinitazama tu.

Halafu karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka. Wageni walikuwa wameshajaza yao mlangoni; hii ni ya wakazi, alisema mwenzangu yule mhadhiri, kila kundi na yake. Hapo ndipo shaka yangu ingenifaa, nami nilikuwa nimeimaliza yote kwenye flashi. Karatasi ilipita mkono kwa mkono bila kuguswa na wino. Fundi wa viatu wa Kariokor, niliyesoma naye, aliisukuma kwa kiwiko.

"Chai nimekunywa, sistee," akasema, "lakini kusign, zii."

Wageni wakacheka. Nikaona aibu, na aibu ikawa hasira. Nusu saa nimeeleza kwamba hakuna nyoka, na watu wangu wananifedhehesha mbele ya maprofesa! Nikaichukua karatasi, nikatia sahihi mbele ya ukumbi mzima: jina kamili, nambari ya nyumba, na mstari chini yake.

"Mnaona? Ni karatasi tu."

Nikampelekea mama. Alifungua mkoba, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. Alianza kusoma juu kabisa, mahali ambapo mimi sikupaangalia.

"Mwanangu, hapa pameandikwaje?"

Palikuwa pameandikwa: Orodha ya wakazi walioridhia ujenzi mpya wa mtaa.

Nilisoma mara mbili, kisha nikamgeukia mwenzangu. Hakushtuka hata kidogo. Alisema ana kazi nyingine ya ushauri kwa kampuni fulani ya ujenzi, akaona heri aunganishe shughuli mbili, maadamu watu wamekwisha kusanyika. "Ni utaratibu tu, Daktari." Makala yangu hakuwahi kuitaka. Alitaka ukumbi uliojaa watu, na mtu wanayemwamini wa kuwaita.

"Na nambari hii?" mama akauliza.

Siku hizi ninakaa Njiru, katika fleti ya kupanga. Lakini tangu darasa la sita nimejaza fomu zote kwa nambari moja, na mkono uliandika ile uliyoizoea. Ilikuwa nambari ya nyumba yake. Nilikuwa nimeridhia ibomolewe.

"Ung'ongo wako huu, mbona una meno?" akasema. Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Mwenzangu akaja, mkono ameunyoosha. Mama akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Karatasi gani, baba?" akamuuliza kwa adabu zote.

Fundi wa viatu alikuwa amekwisha simama pembeni ya mama. Mwenzangu akarudi kuketi.

Kikao kilipovunjika nilimsindikiza mama nyumbani. Nililia njia nzima, wala sikujificha. Tulipofika, jiko lilikuwa bado na makaa. Nikamwomba anipe ile karatasi niichome.

Alinipa kiti. Akanipa chai, akanipa mahamri mawili. Mkoba aliubana kwapani.

"Nitaichoma mwenyewe," alisema. "Wewe kaa hapo nikuone."

Nikakaa, mikono magotini, mpaka ikawa majivu.