Jiko Nililolibomoa Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi niliyolibomoa jiko la marehemu mama yangu, na hakuna aliyenituma. Usidhani ni makosa ya ujana, mwanangu. Mvi nilikuwa nazo tayari. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya hicho kichwa chenye mvi.

Walikuja watu wa kupima barabara hapa kwetu Mukurweini, wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jiko, wakaenda zao. Wakachora pia kwa jirani yangu, Mama Nyakio. Chifu akatangaza kwamba kutakuwa na kikao, kila mwenye shamba aende asikizwe. Mimi, mtu ambaye hata mjini Karatina naenda nikisukumwa, nikaona kikao ni cha nini? Serikali ikishasema imesema. Heri niokoe mabati kabla tingatinga halijafika.

Mama Nyakio alinikuta juu ya paa.

"Baba Muthoni, unabomoa na nani amekuambia ubomoe?"

"Naokoa mabati."

"Kesho tunaenda kikao. Shuka."

Sikushuka. Siku ya kikao nilikuwa nimeketi uani nikinyoosha misumari, tena kwa fahari kama fundi mkuu.

Yeye alienda na hatimiliki yake kwenye mfuko wa unga, akauliza kwa nini barabara isipite upande wa chini, ambako hakuna nyumba ya mtu. Wapimaji walirudi, wakatazama, wakaisogeza. Barabara sasa iko kule chini. Jiko la Mama Nyakio bado linafuka moshi kila jioni, na ile alama ameitundikia kikapu.

Mbao za jiko letu nilizifanya kibanda cha kuku. Mvua ikinyesha zinatoa harufu ya moshi wa mama, ule wa miaka yote aliyotupikia githeri, mahindi na maharagwe. Basi naingia, nakaa na kuku. Wajukuu wananicheka, nami nawaambia nahesabu mayai. Mafiga matatu nimeyaacha palepale yalipokuwa, na nyasi zimeota katikati. Siku nyingine nakaribia kumuuliza mama kama chai iko tayari.

Sasa nisikilize, mwanangu. Katiba haisemi serikali haiwezi kuchukua shamba lako. Inaweza, lakini si hivi hivi. Lazima iwe kwa haja ya umma, ikulipe fidia ya haki bila kukuzungusha, na usiporidhika una njia ya kwenda kortini. Ukipata notisi, isome. Ukiitwa kwenye kikao, nenda, hata kama viatu ni vya kuazima. Uliza. Na usiguse msumari hata mmoja kabla hujajibiwa. Mungu akulindie mlango wako, na moshi wa nyumbani kwako usizimwe na woga.

Haya yote nimeyajua nimechelewa. Juzi tu nilikuwa nimeegemea ua, nikilalamika tena jinsi serikali ilivyoninyang'anya jiko la mama. Mama Nyakio alikuwa akimenya ndizi upande wa pili. Hakuinua hata macho.

"Serikali gani, Baba Muthoni? Serikali ilikuja na rangi tu. Nyundo ilikuwa yako."