Mlinzi wa Mabeseni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso, na huko Bukavu hakuna aliyembishia. Nalisema mapema ili usishangae jinsi nilivyopata kazi Kampala: niliipata kwa kumzuia mwanamume asiingie dukani kwake mwenyewe.

Nilikuwa mgeni bado, mimi na binti yangu mdogo. Tulikuwa tunalala Bwaise kwa mama mmoja Mkongo wa kanisani, aliyetupokea bila kuuliza tumekuja na nini. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku moja tukiosha vyombo akaniambia kwa upole kwamba dada yake yuko njiani na watoto, wakimbizi kama sisi, na chumba ni kilekile kimoja. Sikumlaumu. Nilielewa tu kwamba nisipopata kazi upesi, binti yangu hatakuwa na pa kulala.

Basi kila asubuhi nikawa nateremka hadi Kikuubo, kule wauza jumla wanakobanana na wachukuzi wanapita na mizigo kichwani, usipojibana ukutani unakanyagwa. Nikauliza duka kwa duka. Jibu lilikuwa moja: hujui Kiganda, utaongeaje na wateja? Nilikuwa na Kiswahili changu tu, na Kifaransa, ambacho pale hakinunui hata kitunguu.

Mwenye duka la mabeseni nilimkuta mlangoni, mama mnene, anagombana na mtu kwenye simu. Nikamsalimu, nikaomba kazi. Kabla sijamaliza, mchukuzi akamwita: lori la mzigo wake limefika. Akaniinulia kiganja, akasema, "Linda awo," akaenda mbio.

Jamani, moyo wangu. Linda. Neno la kwetu kabisa. Mtu hanijui, hata jina hajaniuliza, ananiachia duka lake nililinde! Nikasema kimoyomoyo, huyu ametumwa na Mungu, na mimi sitamwangusha.

Nikasimama mlangoni. Walioshika majagi niliwaambia wayaweke chini, mwenyewe anakuja. Mara mvua ikashuka, maji ya rangi ya chai yakajaa kwenye kichochoro, na katoni za chupa za chai zilikuwa chini, nje. Nikazibeba moja moja hadi juu ya meza. Viatu vyangu, ambavyo sikuwa na vingine, vikafumuka hapohapo.

Ndipo akaja baba mmoja mrefu, anataka kuingia. Akasema kitu kwa Kiganda. Nikamwambia hapana. Akajionyesha kifuani, nami nikamwonyesha barabara. Alipojaribu kupenya chini ya mkono wangu, nikachukua beseni nikaliweka katikati yetu.

"Baba, hapa hupiti. Mwenyewe hayupo."

Mama aliporudi alimkuta mume wake amejibanza chini ya paa la jirani, na mimi nimelowa chapachapa nimekumbatia beseni.

"Wewe iko hapa bado?" akaniuliza. Kiswahili chake alikiokota utotoni kambini, baba yake alikuwa askari.

"Niko. Si uliniambia nilinde?"

Wakatazamana. Mume ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama akacheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi akanieleza: kwa Kiganda, linda ni ngoja. Alikuwa ameniambia ningoje pale, arudi aniambie kazi hakuna.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, tena mbele za watu. Hasira zikanipanda.

"Kama kazi hakuna ungesema mapema," nikamwambia, "nisingeua viatu vyangu kwa ajili ya katoni zako."

Nikaweka beseni chini, nikaondoka. Yeye akaziangalia zile katoni juu ya meza, kavu.

"Nyabo," akaniita, ndivyo mama anavyoitwa huku kwa heshima. "Kesho kuja mapema."

Nimekuja mapema hadi leo. Binti yangu siku hizi ananisahihisha Kiganda kwa dharau ya watoto wa shule. Tuna chumba chetu Bwaise. Mvua ikizidi maji yanaingia, na jirani yetu, mke wa polisi kutoka kaskazini, hutugongea ukuta, tunasaidiana kupandisha magodoro. Nashukuru, na sioni haya kusema. Wakongo wenzangu wengi wanaishi hapa kama watu wa stendi, wanangoja kupelekwa Ulaya. Siwacheki, nami niliwahi kungoja.

Mwaka huu mama wa mabeseni alifiwa na baba yake, yule askari. Familia nzima ilikuwa inaenda kuzika mbali. Shemeji yake akasema pale dukani, mbele yangu, kwa Kiganda, kwamba funguo haziachiwi mgeni, mgeni leo yupo kesho hayupo. Nilielewa kila neno. Liliniuma mno. Nikaendelea kupangusa mabeseni.

Mama akanijia na macho yake mekundu ya kilio. Akaniwekea funguo mkononi, akanifumba vidole kwa vidole vyake.

"Linda," akasema.

Kisha akamgeukia shemeji yake, akaongeza kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Ile ya kwao."