Mwembamba wa Barka

Watu wa Amu wakimtaja Barka, humtaja kwa kofia zake. Watakwambia vile viua alivyovitoboa na kuvizungushia uzi mweupe, vidogo hata ukidhani vimetobolewa na mdudu. Watakwambia bwana harusi fulani aliahirisha arusi yake mpaka Barka amalize kofia. Hayo ni kweli, na mimi yananiudhi. Mwanamke ameishi, ameogopa, amependa, kisha anakumbukwa kwa vitundu! Asiyetajwa kamwe ni yule Barka aliyekimbia kutoka mtaa wa Langoni mpaka mtaa wa Mkomani asubuhi kweupe, kichwa wazi, watu wakimtazama. Hilo nimelipata kwa nyanya yangu, Bi Saadiya, aliyekuwa rafiki yake. Nyanya yangu aliamini mpaka kufa kwamba makosa yote yalitokana na wembamba wake yeye.

Barka alizaliwa utumwani, katika nyumba ya baba yake Rahima. Rahima alipozaliwa, mama yake aliugua, na mama yake Barka ndiye aliyemnyonyesha. Kwa sheria ya dini, basi, wasichana wale wawili walikuwa ndugu wa ziwa moja, ingawa mmoja alilala kitandani na mwenziwe akalala mkekani. Walijifunza kushona pamoja, goti kwa goti. Rahima alikuwa hana subira, uzi wake ukifanya fundo aliukata kwa meno na kulaani. Barka alilifungua fundo. Walipokuwa wasichana wakubwa Rahima alimpa Barka sindano iliyotoka Hindi, nene kidogo, jicho lake limepigwa rangi ya dhahabu. Barka hakushona kwa nyingine tena.

Rahima alipoolewa na Bwana Badawi, Barka alipelekwa pamoja naye kama vile vyombo vya ndani. Huko alimkuta mama mkwe, Bi Ummu. Bi Ummu alikuwa wa wale mabibi ambao hawakushuka njiani ila ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa lililoinuliwa kwa vijiti na wajakazi, bibi akitembea katikati asionekane hata ukucha. Barka alishika kijiti cha mbele kwa miaka. Kisha serikali ikasema utumwa umekwisha. Wajakazi wakaondoka mmoja mmoja, Barka naye akaenda Langoni akajenga kibanda cha makuti. Shiraa ikakunjwa. Wanawake wengine wakaanza kuvaa buibui na kujiendea zao, lakini Bi Ummu alikataa. Alikaa juu ya nyumba yake akamhesabu Barka kuwa ndiye aliyemfungia mlango.

"Aliyekuwata yeo, kesho atakudhuru," alimwambia Rahima, akimkusudia Barka aliyewaacha. "Na hao walotoka mikononi mwetu, nyoyo zao tunaziyua?"

Maneno ya kila siku hayakosi kuacha alama. Nyanya yangu alisema Rahima alikuwa akicheka zamani Bi Ummu anapoanza, na baadaye akawa hacheki. 

Hata hivyo Barka alikuja kila siku. Baada ya adhuhuri walikaa watatu chumbani kwa Rahima: Rahima mwenyewe, Barka, na nyanya yangu Saadiya, binamu wa Rahima, ambaye nyumba yake ilipakana na ile kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, hata akaweza kuja bila kukanyaga chini. Walishona kofia za waume wa watu na kuwasengenya hao waume. Nami nakwambia hakukuwa na raha Amu yote kupita ile.

Walikuwa na lugha yao. Pwani yetu sindano haitajwi jua likishazama. Dukani huuziwi, jirani hakuazimi, na ukiipoteza usiku huiiti kwa jina lake, maana walisema ukiiita usiku huitika ndani ya nyama ya mtu. Watu wana majina yao ya kuikwepa. Wale watatu waliiita Mwembamba. "Nipe mwembamba wangu." "Mwembamba wako amelala wapi?" Hakuna mwingine aliyelijua jina hilo, na wao walilifurahia kama watoto.

Rahima alipata mimba baada ya kupoteza mbili. Safari hii walimshonea mtoto mfarishi, godoro jembamba la usufi. Juu waliunga viraka vya leso zao kuukuu, kila mmoja akitoa alichokipenda. Chini walihitaji kitambaa kizito, na Rahima akathubutu kuomba kipande cha shiraa. Bi Ummu alikitoa, lakini alikitoa bila kumtazama Barka. Mtoto akazaliwa kabla kazi haijaisha, mvulana, mdogo, mwenye pumzi nyepesi. Wakamwita Fadhil. Siku zile za arubaini walikaa kando ya kitanda wakamalizia kutia mishono ya kushika usufi, wakisema kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke.

Ilikuwa alasiri Barka alipofunga fundo la mwisho. Wakati huo huo adhana ikatoka. Mazoea ya mkono wake yalikuwa hayo: adhana ikiita, huichomeka sindano palepale kwenye kazi na kunyamaza, kisha akirudi huikuta inamngoja. Mkono ukafanya mazoea yake. Lakini kazi ilikuwa imekwisha. Barka na Saadiya walipokwisha kuswali, Esha, wifi yake Rahima, alikuja akaukunja mfarishi akauweka ndani, na Barka akaenda zake Langoni akiwa na furaha. Nyanya yangu naye akavuka wikio.

Magharibi ilimkuta Barka akitaka kuanza kofia. Akapapasa ukaya wake, ile shela ya kichwani, mahali alipozoea kuichomeka sindano akiwa njiani. Haikuwapo. Akatikisa leso, akapekua mkeka. Ndipo akakumbuka adhana, na mkono ulivyoichomeka sindano mfarishini. Mtoto mwenye pumzi nyepesi atalazwa juu ya ile sindano. Na wote walijua, kwa vile wazee walivyosema, kwamba sindano ikiingia mwilini haitulii. Hutembea, siku hata siku, mpaka ifike moyoni.

Akatoka mbio. Jua lilikuwa limekwisha kuzama alipofika mlangoni kwa Bi Ummu, na hapo akakutana na makatazo mawili kwa pamoja. La kwanza, nyumba yenye mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, haiingiwi na mtu wa nje baada ya magharibi, asije akaingia na kitu cha njiani. La pili, lile jina halitamkwi. Akasimama dakani, kwenye baraza ya mlangoni, akaita.

"Hodi wenyewe!"

"Ni nani?" Esha alijibu kutoka juu ya ngazi.

"Ni mimi, Barka. Siingii. Mwambie Rahima, mwembamba wangu amesalia kwenu. Amtafute kabula hawayalala, tafadhali, amtafute sana!"

Esha alikuwa hashoni hata kifungo. Hakumwendea Rahima, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto chumba cha ndani. Alimwambia Bi Ummu kwamba Barka anamtafuta mwembamba. Na katika nyumba ile mwembamba alikuwa mmoja tu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mwili wa kijiti.

"Saadiya?" Bi Ummu alisema. "Saadiya si amekwenda zake tangu alasiri? Mwambie hayuko. Na usiku hatupigiwi makelele mlangoni."

Esha akarudi kwenye ngazi. "Hayuko, Barka."

"Mumetafuta kote?"

"Nyumba ni hii, twaiona. Hayuko. Nenda kalale."

Barka alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliamini Rahima ameupapasa mfarishi kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba sindano imeanguka njiani. Alirudi kwake akalala, na baadaye katika maisha yake yote jambo lililomuuma zaidi lilikuwa hilo, kwamba alilala.

Asubuhi nyanya yangu alitia buibui akaenda Langoni, amekasirika kidogo. Alikuta Barka anaosha uso.

"Barka, yana ulinitakia nini hata ukenda kunipigia mbiu mlangoni kwa Bi Ummu?"

"Wewe? Mimi sikukutaka."

"Esha ameniambia asubuhi hii. Ati ulisema mwembamba amesalia kwao, atafutwe. Mimi nalikuwa kwangu, nala mkate wa mofa!"

Nyanya yangu alisema hakupata kuona uso wa mtu ukibadilika vile.  Barka aliiacha kata ya maji ikamwagika miguuni akaondoka kama alivyo, bila buibui, bila ukaya, na nyanya yangu nyuma yake akimwita na kuinua nguo.

Njiani Barka alikuwa na hofu mbili, na zilimvuta kila moja upande wake. Ya kwanza ni mtoto. Ya pili ilimjia alipoanza kupita nyumba za mawe za Mkomani: atasema nini? Sindano yake, iliyoonekana ndani ya kitanda cha mtoto wa nyumba aliyotumikia. Nani Amu angesema ni usahaulifu? Wangesema ameiweka, amlipizie bibi kisasi cha ile shiraa aliyombebea. Wanawake walikuwa wamefukuzwa mitaani kwa madogo kuliko hayo. Kama sindano imekwisha kuingia, basi kitu pekee kitakachojulikana ni kile atakachokisema yeye kwa kinywa chake. Angeweza kurudi nyuma. Nyanya yangu aliapa kwamba alimwona akisita penye kona ya msikiti, mkono ukutani. Kisha Barka akasikia mtoto akilia, kilio kirefu, kutoka juu, na akaingia bila hodi.

Bi Ummu alikuwa ngazini. "Na wewe umekuwa nani, waingia nyumba ya watu kichwa wazi?"

"Sindano yangu imo mfarishini," Barka alisema. Jina lilikuwa limetoka, nako kumekucha, na akalirudia kwa nguvu. "Sindano, bibi! Naliisahau mimi. Mtoeni mtoto, mwangalieni mwili!"

Bi Ummu alishika ukuta. "Utawi!" alipiga ukelele kwamba ni uchawi, sauti ikapita mpaka kichochoroni. "Nalisema! Kikulacho ki nguoni mwako! Nalisema mimi!"

Barka alimpita. Hata leo nikiisimulia sehemu hii mwili hunisisimka, maana mjakazi wa zamani alimpita bibi yake akimgusa kwa bega. Akaingia ndani. Rahima alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, mtoto amembana kifuani akilia kwa usingizi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mfarishi ulikuwa chini, mbali, umesukumwa kwa mguu.

Rahima akafungua kiganja. Sindano ilikuwamo, ile yenye jicho la dhahabu, na mkononi mwake palikuwa na alama nyekundu pale ilipomchoma alipokuwa akiutandika mfarishi.

Bi Ummu alikuwa amefika mlangoni akihema. Rahima akainua uso kabla mkwewe hajasema neno.

"Mama, ni yangu," alisema. "Barka aliniazima. Ni mimi niloisahau. Mtoto mzima, hana kitu. Nalikutia hofu bure, nisamehe."

Bi Ummu alitazama sindano, akamtazama Barka. Hakuamini, lakini mke wa mwanawe alikuwa amesema. Aliondoka akinong'ona astaghfirullah.

Barka alianguka magotini akashika miguu ya mtoto, akageuza mmoja na mwingine, akampapasa mapaja na mgongo, akilia bila aibu. Nyanya yangu alisimama mlangoni asijue aingie au arudi.

"Uliipata saa ngapi?" Barka aliuliza.

"Baada ya isha."

"Kwa nini hukuniita?"

 Rahima akasema kwa sauti ndogo, na nyanya yangu alitamani asingesikia. "Sikumlaza mwana usiku wote. Nalikaa hapa nikisema, akiya asubuhi akaitaja mwenyewe, ni kusahau. Asipokuya..." Akamwinamia mtoto. "Barka, nalikuogopa."

Barka aliendelea kuishika miguu ya mtoto.

"Nami ndia nzima," akasema, "nalikuogopea."

Hawakuzungumza tena jambo hilo, si siku ile, si baadaye. Rahima alimrudishia sindano, na Barka akaitia uzi mwekundu, mrefu, na tangu hapo hakuichomeka mahali popote bila uzi kuning'inia. Adhana ikiita, aliishika mkononi mpaka iishe. Waliendelea kushona watatu, mchana kwa mchana, na Bi Ummu alikufa bila kupata kushuka njiani. Fadhil alikua, akikohoa mara kwa mara kama watoto wote, na kila akikohoa wanawake wale wawili waliinua vichwa kwa pamoja.

Rahima alizaa tena wakati wa vita vile vya Waingereza na Wajerumani, mtoto wa kike. Barka alimshonea mfarishi peke yake nyumbani kwake Langoni, akauleta umekunjwa kichwani. Nyanya yangu alikuwapo. Rahima alishukuru, akausifu, akautandika juu ya kitanda. Kisha, kabla hajamlaza mtoto, mikono yake ikaanza kuupapasa, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine, ikibonyeza kila mshono. Alipogundua anachokifanya akasita, uso ukamwiva, asijue atazame wapi.

Barka akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akaweka viganja vyake juu ya usufi, akaanza kupapasa naye.