Siku Nilipolala Chini ya Turubai

Mahali nilipofia, siku hizi pana duka la makava ya simu. Nilipita hapo wiki iliyopita kutafuta kioo, nikajikuta nimesimama katikati ya duka bila kuuliza chochote, mpaka muuzaji akasema, "Dada, nikusaidie nini?" Ningemjibu nini? Kwamba hapo alipoweka kabati lake la vioo nililala mimi, nina miaka kumi na mmoja, nimefunikwa shuka jeupe? Nikamwambia naangalia tu. Nikatoka nimenuna, na wewe unanijua, nikinuna sipoi mpaka niandike.

Enzi zile hapo palikuwa uwanja wa wazi nyuma ya nyumba yetu, Kariakoo hii hii, upande wa Msimbazi. Nyumba ya vyumba sita, kila chumba familia yake, choo kimoja, na foleni yake. Asubuhi palinuka vitunguu vinavyokaangwa na maji ya sabuni. Mama aliondoka alfajiri kwenda soko la Feri kukaanga samaki, akarudi jioni kanga inanuka mafuta, miguu imevimba. Sisemi alikuwa mama mbaya. Alinilisha na kunivisha. Ila kuniangalia, yaani kukaa akaniangalia, hakuwa na nafasi hiyo. Nilikuwa nawaonea wivu hata wale samaki, maana wao aliwageuza mmoja mmoja, kwa makini.

Basi mwaka ule akaja mwalimu wa Kiswahili, kijana mwembamba anayeongea kwa mikono. Alitaka tuigize tanzia ya kale, ya mfalme aliyekula kiapo vitani: akishinda, atamtoa sadaka mtu wa kwanza atakayetoka kumpokea. Anayetoka ni binti yake. Sasa mwalimu, badala ya kutuachia mfalme na ngome, akauhamishia mji wote kwenye sayari nyekundu, miaka elfu mbili mbele, chini ya kuba la kioo. Huko hewa inagawiwa na mashine, na kiapo kimewekwa ndani ya mashine hiyo, haisahau wala haioni huruma. Binti anakufa kwa kuchomolewa mpira wa hewa. Mwalimu alituambia tanzia ikichezwa vizuri watu hulia, kisha hurudi kwao mioyo ikiwa myepesi. Mimi nilimwamini kabisa.

Nikapewa huyo binti. Sikulala kwa furaha. Mfalme alikuwa mtoto wa mwenye duka la jumla, Mchaga, kwa sababu kwao maboksi ya televisheni yalipatikana bure na mji wetu ulihitaji kuta. Wasichana waliokuwa wazee wa mji, wale wanaosimama pembeni na kuimba yanayotokea, walivishwa foili za kufungia chipsi na helmeti za bodaboda. Mashine ilikuwa boksi la friji lenye kipaza sauti tulichoazima kwa machinga, tangazo lake la bei ya elfu moja bado limo ndani. Kila mazoezi mashine ilipotaka kutoa hukumu, ilianza kwanza kupiga kelele, "Kila kitu buku! Kila kitu buku!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu peke yake hakucheka.

Nilimwambia mama wiki nzima kabla. "Jumamosi njoo unione, mama. Nakufa mwishoni."

Alikuwa anapiga mswaki. Akatema, akasema, "Na samaki nimwachie nani?"

Nikamwambia hata kama ni dakika tano tu. Akasema, "We mtoto, usinichoshe." Ndiyo ikawa basi. Jua tu kwamba hicho ndicho nilichokitaka duniani mwaka ule, mama yangu akae kwenye kiti aniangalie.

Jua la Jumamosi lilikuwa kali, na shule haikuwa na ukumbi. Mwalimu akaenda kwa jirani yetu, mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, kuomba turubai, viti vya plastiki na majamvi, tuigizie kwenye uwanja ule nyuma ya nyumba yetu. Jirani hakupenda. "Mwalimu, vitu hivi watu wakiviona barabarani wanajua wanaitiwa nini," alisema. Mwalimu akambembeleza kwa maneno matamu, akapewa. Kina mama wakajitolea kutupikia wali kwa sufuria kubwa, hapo hapo nje, juu ya mafiga.

Ukipita Kariakoo ukakuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, kina mama wamekaa jamvini na sufuria kubwa liko motoni, unahitaji kuambiwa nini tena? Unapunguza sauti, basi. Mchana tulifanya mazoezi ya mwisho bila foili, wasichana wamejifunga kanga, mimi nimelazwa jamvini, wenzangu wanalia kwa sauti. Mwalimu alikuwa amenionya, "Maiti haijikuni. Litokee litakalotokea, usitikisike mpaka wimbo uishe." Wakati huo huo akapita fundi mmoja wa Buguruni, mteja wa mama, niliyezoea kumpelekea samaki wake. Akaniona uso, kisha akaona shuka linapandishwa juu ya uso huo. Hakuuliza kitu. Kwetu mtu haingii msibani akauliza nani kafa. Akavua kofia, akatazama huku na huku, mama hayupo, akakimbilia Feri.

Mengine nimeyapata kwa watu. Alimkuta mama kwenye karai la mafuta, akamwambia, "Mama, unahitajika nyumbani. Wewe twende tu." Na wewe unajua kwetu kauli hiyo maana yake nini. Kifo hakitajwi, unaambiwa unahitajika nyumbani, yaliyobaki unajijazia mwenyewe. Mama alipiga simu ya jirani, haikupokelewa, maana mchezo wenyewe ulikuwa umeshaanza, na jirani alikuwa kiti cha mbele anatazama mji wa angani. Wakapanda bajaji, wakakwama kwenye foleni. Alishuka njiani, akaja kwa miguu, kandambili moja akaiacha huko.

Akafika mpira wa hewa umeshachomolewa, nimelala, shuka juu, wazee wa mji wanaimba. Alipasua katikati ya watu akaniangukia. Alinuka mafuta ya samaki. Mimi nina jina la bibi mzaa mama, na kwa desturi mama alipaswa kuniita "mama," kama wenzake wote walivyowaita watoto wao waliorithi majina. Hakuwahi. Siku hiyo aliniita. "Mama! Mama yangu, amka! Mama, nimekuja!"

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi. Jirani ndiye aliyemtambua, akalivuta shuka, nami nikafumbua macho. Mama alinitazama, akawatazama wazee wenye helmeti, akamtazama mwalimu, ambaye alikuwa bado hajaacha kutabasamu. Makofi yalikuwa yanaendelea. Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alijifunga kanga upya, akaomba maji, akanywa, akarudi Feri na mguu mmoja peku.

Wazazi walikuja juu shuleni, na mwalimu akahamishwa kabla muhula haujaisha. Chama kikaapa turubai halitatoka tena pasipo maiti. Nyumba ikauzwa baadaye, tukatawanyika, wengine Buguruni, wengine Mbagala, na sasa hapo pana vioo na kiyoyozi. Wale wasichana wa foili nikikutana nao mjini wananiita marehemu, na wanacheka. Mimi nacheka nao.

Asubuhi iliyofuata ule mchezo mama aliniuliza neno moja tu, huku amenipa mgongo, anafunga beseni lake. "Ulinisikia?"

Nikasema, "Sikusikia, mama. Walikuwa wanaimba."

"Haya," alisema, akajitwisha beseni akaondoka. Nikarudi kuwa "we mtoto." Nilipoolewa hakulia, watu wakanong'ona. Nilipofanyiwa upasuaji alikaa kando ya kitanda macho makavu, anamenya chungwa. Alifariki mwaka juzi, na mpaka anakata kauli hakuniita tena lile jina.

Watu wote nimewaambia kwamba sikutikisika kwa kuwa nilimtii mwalimu. Ni uongo. Sauti yake niliisikia tangu akiwa konani, na niliijua. Aliponiita mara ya kwanza ningeweza kuamka, nikabana pumzi, maana nilitaka aniite tena.