Mikono ya Dada Isigande

Dada yangu ni mkalimani wa lugha ya alama. Daktari akisema, yeye humwonyesha mgonjwa kiziwi kwa mikono; mgonjwa akijibu, humwambia daktari kwa sauti. Alizoea kuzunguka hospitali moja hadi nyingine, mpaka mama yetu alipoanguka akavunjika nyonga. Dada ndiye aliyebaki naye nyumbani, na kazi ikaanza kumponyoka. Kisha hospitali moja ya mbali ikamwita: angeweza kufanya ukalimani kwa video, akiwa sebuleni kwake. Ila kwanza angejaribiwa Jumatatu, na mgonjwa wa kweli, na picha isigande. Sauti ikikatika, utakisia neno. Mikono ikiganda hewani, utakisia nini?

Mimi nakaa chumba cha uani, na ya nyumba hii nayaona bila kuambiwa. Shemeji, mume wa dada, mtaani wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuifungua redio na kuifunga ikaongea. Alikuwa na jibu kabla ya swali.

"Chukua kifurushi kikubwa kuliko vyote, mke wangu. Kikubwa ni kikubwa tu."

Mwuzaji wa kampuni ya intaneti alipokuja, alikubaliana na Injinia upesi mno, akaisifia kasi ya kifurushi hicho mpaka jasho likamtoka. Dada alimwacha amalize.

"Hiyo ni kasi ya kushusha," akasema. "Ya kupandisha je?"

"Wateja huwa hawaulizi hiyo, mama."

"Wateja wanatazama mpira. Mimi ndiye ninayetazamwa."

Mwuzaji akafungua simu yake kutafuta. Kumbe kile kikubwa kilishusha mafuriko na kupandisha matone. Cha kati kilipandisha sawa na kilivyoshusha, na kilitosha kwa video ya dada, mpira wa shemeji na mahubiri ya mama, vyote kwa pamoja. Dada akakata shauri: cha kati. Injinia alinuna mpaka chakula cha jioni.

Kampuni ikaleta waya na kuufikisha ukutani kwenye kiboksi kidogo. Ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, ilikuwa juu yetu kuinunua. Hapo Injinia akaona nafasi ya kurudisha heshima yake, akarudi kutoka kwa rafiki yake na ruta yenye antena zilizosimama kama miguu ya kaa aliyepinduliwa. Kipya kinyemi, na waliosema hivyo hawakusahau kumalizia, ingawa kidonda. Ruta ile ilitengenezwa kwa laini za zamani za simu ya mezani; tundu lake lilikuwa dogo, na kichwa cha waya uliotoka kwenye kiboksi kilikuwa kipana. Shemeji alisukuma, akageuza, akapuliza vumbi. Nilicheka nikashika mlango. Dada hakucheka. Alikipiga picha kile kiboksi, akamshika mumewe mkono wakaenda dukani, na huko akauliza mawili tu: waya huu utaingia? Na ruta hii itabeba kasi yote ninayoilipia, au itaikaba njiani? Wakarudi na ruta nyeupe isiyo na antena hata moja ya kuonekana. Injinia aliitazama kama amepewa kuku asiye na mabawa.

Jumamosi dada akafanya mazoezi na rafiki yake, kinyozi kiziwi. Picha ikaganda. Ikaachia, ikaganda tena. Kinyozi akatuma ujumbe: "Umekuwa sanamu. Nije na rangi nikupake?"

Dada hakutabasamu. Niliogopa, nasema kweli. Niliiona kazi inakwenda na maji. Shemeji naye, "Si nilisema kikubwa?" Nikaenda kuitazama ruta palipo na kiboksi, nisiikute. Nikaufuata waya. Ulipita nyuma ya kabati la vyombo na kuingilia upenyoni. Ruta ilikuwa ndani, kati ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mlango umefungwa, na nyuma yake kioo kizima. Mama alikuwa ameihamisha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkongojo.

"Kitu cha thamani hakiachwi wazi kama sufuria," akasema, hana hata wasiwasi. Na kwetu ni kweli: tangu tuzaliwe, kizuri chochote kinaishi kabatini.

Dada akapiga magoti mbele yake. "Mama, hii ni kama taa. Ukiifungia humo, mwanga wake utamfikia nani?"

Mama akafikiri. "Basi kitambaa kikae chini yake."

Ruta ikapandishwa kwenye rafu ya korido, imekalia kitambaa chake kama bibi harusi. Kinyozi akapigiwa tena. "Sasa naona hata pete yako," akaandika.

Jumatatu dada alikataa tuzime chochote. Shemeji na mpira wake, mama na mahubiri yake. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma ya kompyuta na simu ya akiba. Mgonjwa alikuwa mama mjamzito. Daktari alimpitishia kifaa tumboni, na sauti ikajaa sebule yetu: du-du, du-du, mbio mbio.

"Anauliza unasikia nini," dada akasema.

"Moyo wa mtoto," daktari akajibu.

Dada alimweleza. Kisha akainua ngumi mbele ya kamera, akaifumba na kuifumbua kwa mapigo yale yale, bila kuruka hata moja. Nilichungulia kioo cha kompyuta. Mikono haikuganda. Yule mama akaweka kiganja tumboni, na kwa mkono wa pili akaanza kupiga pamoja na dada, machozi yakimshuka. Akaonyesha kitu upesi.

"Anasema..." sauti ya dada ikakatika. "Anasema nisiache."

Naye hakuacha. Daktari akauliza, "Mkalimani, kesho nina wengine. Utakuwepo?"

Dada alilia, ngumi ikiendelea kupiga. Nikajibu mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Atakuwepo!"