Kunde Zilikuwepo, Damu Haikuwepo

Juzi nimepita sokoni Manundu, nikaona vipande vya udongo wa kula vimepangwa juu ya gunia, vile wanavyotafuna wajawazito. Niligeuka palepale, rafiki yangu. Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Nimekulia Kwedizinga, kwenye nyumba isiyopika nyama. Ng'ombe wa bibi walipokufa wote kwa ugonjwa, aliapa kwamba aliyewazika hawezi tena kuwala. Wala hatukujiona tumepungukiwa. Kulikuwa na kunde, kisamvu cha kutwanga, na mnavu wa shambani ambao uchungu wake hadi leo naumezea mate. Na chakula hakikushuka bila chai ya rangi, nyeusi tii, majani yake kaleta shangazi kutoka Usambara. Tonge, funda, tonge, funda. "Asiyekunywa chai hajala," bibi alikuwa akisema, na mgeni akikataa kikombe, bibi alinuna mpaka jioni.

Dada yangu alipopata mimba ya kwanza alirudi kwetu kujifungulia, kama ilivyokuwa desturi. Ndipo akaanza kumega kichuguu nyuma ya nyumba na kukitafuna. Tulimcheka sana. Bibi alifurahi, eti mtoto anadai ardhi yake. Kisha dada akawa anakaa chini njiani tukienda kisimani, mara moja, halafu mara tatu, na viganja vyake vikapauka kama unga wa muhogo. Aliniambia anasikia ngoma masikioni. Nilidhani ananitania.

"Huyu hana damu," jirani alisema.

"Damu ataikosaje?" bibi alimjibu kwa hasira. "Mboga za majani anakula mchana na jioni!" Akamwongezea dada kikombe.

Uchungu ulipomshika tulimpeleka Korogwe. Nesi alimvuta kope ya chini, akaona ndani kumepauka. Kisha akauliza anakula nini, anakunywa nini.

"Bibi, chakula mnacho," alisema taratibu. "Ila hiyo chai mnayoshushia inazuia madini ya damu yasiingie mwilini. Mngeinywa baadaye, na mboga mkazikamulia ndimu. Na kliniki mbona hakuja akapewa vidonge?"

Dada alijifungua, akavuja damu. Wengine huvuja hivyo wakapona; yeye hakuwa na akiba. Mtoto alibaki, mama yake akaenda.

Msibani bibi aliwaambia watu ni kazi ya Mungu, huku akinikazia macho nisirudie maneno ya nesi. Leo nyumba ile imebomoka, bibi naye ametangulia, na hakuna aliyebaki wa kunikazia macho. Lakini siku ile naiona bado: wanawake mkekani, sahani za kunde mapajani, na mimi nimepewa birika la chai. Nilikuwa najua. Mke wa jirani, mjamzito wa siku za kujifungua, aliniinulia kikombe.

"Nijazie, mwanangu."

Nikamjazia.